Bastola ya kujilinda: yenye sefti au isiyo na sefti?

Mnunuzi wa mahindi wa Kibaigwa anayezunguka na fedha za msimu. Mwenye kituo cha mafuta njia ya Singida. Mfugaji anayetoka mnada wa Msalato na hela ya ng'ombe kwenye begi. Watu wa namna hii wakishapitia mlolongo wote wa polisi na kupata leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, huniuliza kwanza bastola ipi inabeba risasi nyingi, kisha ipi ina nafuu ya bei. Sefti huja mwishoni kabisa, pale muuzaji anapoweka bastola mbili juu ya kaunta, moja ina kidude ubavuni na nyingine haina, na mteja anabaki anazitazama kwa zamu.

Kazi yangu ni kufundisha shabaha walinzi na raia wenye leseni hapa Dodoma, kwa hiyo swali hili nalisikia mara kwa mara. Nina upande wangu na nitausema. Ila kwanza tuelewane ni sefti gani tunayoizungumzia.

Ninayoisema hapa ni ile ya kusukuma kwa kidole gumba. Ukiiweka, hata uvute triga kwa nguvu zako zote, risasi haitoki. Bastola nyingi za kisasa zina kinga nyingine za ndani ambazo mtumiaji hazigusi kabisa. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, haina sefti ya gumba, lakini ina kinga tatu zinazojiachia zenyewe kadiri triga inavyovutwa: ulimi mdogo katikati ya triga, kizuizi kinachoshika pini ya kugonga risasi, na kinga ya kuanguka. Kwa hiyo ukiambiwa bastola fulani "haina sefti", maana yake haina kidude cha kusukuma. Bastola nzima ya aina hiyo ikidondoka sakafuni haitakiwi kulia yenyewe. Nasema haitakiwi kwa sababu historia ipo: Agosti 2017 kiwanda cha SIG Sauer kilitangaza kuzifanyia marekebisho bastola za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani ziliweza kufyatuka. Ukiletewa P320 iliyokwishatumiwa na mtu mwingine, uliza kama ilirekebishwa. Hilo tuliache hapo.

Kabla ya sefti, chemba

Wenye bastola wengi ninaokutana nao hutembea na chemba tupu, yaani pale nyuma ya mtutu ambapo risasi hukaa tayari kufyatuliwa hapana kitu. Magazini imejaa, lakini risasi haijapandishwa. "Nikiona hatari nakoki," ndivyo wanavyosema, yaani watavuta slaidi, kipande cha juu cha bastola, nyuma ili risasi iingie chembani. Ukibeba hivyo, mjadala wa sefti karibu umekwisha, maana bastola yenye chemba tupu haiwezi kulia hata triga ikivutwa.

Ubebaji huu hauna aibu yoyote. Waisraeli waliufundisha kwa miaka mingi, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mwanzoni walikuwa na bastola za kila aina zilizookotwa huku na kule, kila moja na sefti yake, na njia moja ya kubeba ikawafaa wote. Ni sababu ya busara kabisa.

Gharama yake ni mikono miwili. Fikiria saa tatu usiku mbele ya geti lako, Ilazo au Nkuhungu, taa ya gari inawaka, mkono wa kushoto umeshika kufuli. Mtu anachomoza kutoka ukutani na panga. Mkono ule wa kushoto sasa unahitajika kuvuta slaidi, na huenda ndio unaokinga kichwa. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City kule Marekani, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ule ule ambao mpigaji aliyefunzwa huhitaji kutoa bastola na kufyatua. Kutoka geti hadi ukuta wa jirani kwenye mitaa yetu mingi hakufiki mita 6.

Kuna wanaojaribu njia ya katikati: wanapandisha risasi wakitoka nyumbani asubuhi, wanaitoa chembani wakirudi jioni. Hii siipendi hata kidogo. Kila kupandisha na kutoa ni nafasi moja zaidi ya kidole kuwa mahali pasipostahili. Na kuna jambo la pili ambalo watu hawalijui: risasi ile ile ikipandishwa mara nyingi, kichwa chake hugongwa na kusukumwa taratibu ndani ya ganda, nafasi ya baruti inabanwa, na siku ikifyatuliwa mgandamizo unaweza kupita kiasi. Chukua risasi ya juu kwenye magazini yako uisimamishe kando ya nyingine mpya. Ikiwa fupi, iweke pembeni, usiitumie.

Kwa hiyo jibu swali la chemba kwanza. Anayebeba chemba tupu na hana mpango wa kubadilika, kwangu mimi anunue isiyo na sefti, bila kusita. Tayari amejiwekea kizuizi kimoja kikubwa. Akiongeza cha pili, atakuja kukoki vizuri kabisa, kulenga vizuri kabisa, kuvuta triga, na kusikia kimya.

Gumba linakwenda wapi?

Sasa tuje kwa anayebeba na risasi chembani. Lawama kubwa juu ya sefti ni kwamba itamchelewesha au ataisahau. Kuchelewa si hoja nzito. Kwa aliyezoea, gumba hutoa sefti bastola ikiwa bado njiani kutoka kiunoni kwenda mbele, na hakuna muda wowote unaopotea. Kusahau ndiyo hoja. Mtu akishikwa na hofu, mikono hutetemeka, vidole vinakuwa vizito, na kazi ndogo ndogo za vidole ndizo za kwanza kuharibika. Angalia mtu anayekimbizwa na mbwa anavyohangaika na komeo la mlango wake mwenyewe analolifungua kila siku.

Lakini hapa watu huchanganya mambo, wanaziweka sefti zote kwenye kapu moja. Sefti zinatofautiana sana, na tofauti kubwa ni upande ambao gumba linasukuma. Nimeweka jedwali la bastola ambazo majina yake yanatajwa mara nyingi. Fremu ni mwili wa bastola wenye mpini. Nyundo ni kipande cha nyuma kinachogonga pini; imekokiwa ikiwa imerudishwa nyuma tayari, na ikiwa imelala, triga ndiyo inayoiinua, ndiyo maana uvutaji huo wa kwanza huwa mzito:

| Bastola | Sefti iko wapi | Kuitoa | Uvutaji wa kwanza wa triga |
|---|---|---|---|
| Colt 1911 | kwenye fremu, pamoja na nyingine ya kiganja nyuma ya mpini | gumba chini | mwepesi, kama kilo 2 |
| Browning Hi-Power | kwenye fremu | gumba chini | mwepesi |
| CZ 75 ya kawaida | kwenye fremu, hukubali nyundo ikiwa imekokiwa tu | gumba chini | mwepesi ikiwa imekokiwa, mzito nyundo ikiwa imelala |
| Beretta 92FS | kwenye slaidi | gumba juu | mzito |
| Makarov | kwenye slaidi | gumba chini | mzito |
| Tokarev na Type 54 ya China | hakuna | – | mwepesi |
| Glock 17 na 19 | hakuna | – | wa kati, kama kilo 2.5 |
| Rivolva za kawaida | hakuna | – | mzito, karibu kilo 5 |

Tazama safu ya tatu. Ukikunja ngumi kwa nguvu kama mtu anayeshika mpini wa jembe, gumba lenyewe huelekea chini. Sefti ya kusukuma chini inafuata njia ambayo mkono wenye hofu ungeifuata hata bila kufundishwa. Ndiyo maana Colt 1911, iliyobuniwa na John Moses Browning na kupokelewa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911, bado inatetewa na watu makini zaidi ya karne moja baadaye. Gumba linakaa juu ya kile kidude tangu mkono unaposhika mpini, linakikandamiza, basi.

Beretta 92 ni kinyume. Kidude kiko juu kwenye slaidi, na kukitoa lazima gumba lisukume kwenda juu, mbali na ngumi. Kwa mwenye vidole vifupi ni kazi. Isitoshe, ukivuta slaidi kwa nguvu, kiganja kinaweza kukishusha chini bila wewe kujua na bastola ikawa imewekwa sefti. Bastola yenyewe ni nzuri sana, jeshi la Marekani liliitumia kwa miongo mitatu tangu 1985, ila askari wana mkufunzi anayewapigia kelele. Mwenye duka la vipuri hana. Wanaoibeba kwa kujilinda, wengi hutumia kidude hicho kushusha nyundo tu kisha wanakirudisha juu, wakitegemea uvutaji wa kwanza mzito. Na mimi nawashauri hivyo hivyo.

Makarov inawachanganya watu kwa sababu nayo sefti iko kwenye slaidi, lakini inatoka kwa kushuka. Ukiipandisha juu inaweka sefti, inashusha nyundo na kufunga slaidi kwa pamoja. Kwa bastola ya mwaka 1951 huo ni ufundi wa kupigiwa saluti. Kumbuka tu kwamba risasi yake ni ya milimita 9 kwa 18, na ile ya 9 kwa 19 inayotumika kwenye Glock, Beretta na Hi-Power haiingiliani nayo.

Tokarev niipite haraka. Haina sefti, triga yake ni nyepesi, na kinachoitwa kinga yake ni meno ya nyundo kusimama nusu njia tu, ambayo hupaswi kuyakabidhi paja lako. Hiyo ibebwe chemba tupu au isibebwe.

CZ 75 inahitaji neno moja la tahadhari. Ile ya kawaida inakubali sefti pale tu nyundo inapokuwa imekokiwa. Ukitaka kuibeba nyundo ikiwa imelala juu ya risasi, inabidi uishushe kwa gumba huku unavuta triga. Gumba likiteleza kwa jasho, imelia. Iko CZ 75 BD, ambayo badala ya sefti ina kidude cha kushusha nyundo bila kufyatua. Kwa matumizi ya kujilinda naiona hiyo ndiyo yenye akili zaidi kati ya ndugu hao wawili.

Mahali sefti inapopata mshahara wake

Mabishano mengi kuhusu sefti huishia kwenye pambano: nani atawahi, nani atasahau. Mimi naangalia kwingine. Anayebeba kila siku hutoa bastola kiunoni usiku na kuirudisha asubuhi. Hata kama hafanyi lolote lingine nayo, kwa mwaka mmoja ameiingiza na kuitoa zaidi ya mara 700. Kuchomoa kwa ajili ya adui, wengi hawatachomoa maisha yao yote, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Basi tuulize bastola iko salama kiasi gani katika zile mara 700.

Wakati wa kuirudisha kwenye ala, mfuko wake wa kiunoni, ndio wakati mbaya. Mkono unasukuma chini, na chochote kilichoingia mbele ya triga kinageuka kidole. Dodoma mwezi wa Juni na Julai upepo wa jioni unawalazimisha watu kuvaa majaketi. Jaketi nyingi zina kamba ya kiunoni yenye kishikizo kidogo cha plastiki mwishoni. Kishikizo hicho kikitumbukia kwenye uwazi wa triga na wewe ukasukuma bastola ndani ya ala, kamba inakaza, triga inavutwa, risasi inapita kwenye paja au kwenye nyonga. Ajali za hivi zimetokea sehemu nyingi duniani. Ncha ya shati iliyochomoka nayo inaweza kufanya hivyo hivyo. Na ala laini ya ngozi, zile zinazoshonwa kienyeji zikapendeza macho, ikishatumika mwaka mmoja mdomo wake hulegea na kujikunja ndani, ukawa ulimi wa ngozi unaoingia penye triga.

Hapo mwenye sefti ana jibu. Anaiweka kabla ya kurudisha, na kamba ya jaketi ivute mpaka ichoke. Mwenye bastola ya nyundo, hata bila sefti, ana jibu la pili: wakati wa kurudisha anaweka gumba juu ya nyundo. Ikianza kurudi nyuma ataihisi na kusimama. Mwenye Glock hana nyundo ya kushika wala sefti ya kuweka. Kinga yake ni ala ngumu inayofunika triga yote, macho yake, na subira. Aitazame ala, asogeze nguo, arudishe polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, kwa sababu kweli hana. Akishindwa, avue ala nzima mkandani, aingize bastola mezani mdomo ukielekea upande salama, kisha avae ala ikiwa na bastola ndani. Inachosha, lakini inafaa.

Ndiyo sababu kila anayeniambia amenunua bastola isiyo na sefti namuuliza amenunua ala gani. Akinijibu "nimeichomeka tu kiunoni" au "naiweka kwenye mkoba", mazungumzo yetu yanabadilika. Bastola ya triga ya kilo 2.5 inayocheza ndani ya mkoba pamoja na funguo, kalamu na chaja ni hatari kwa mwenye mkoba kuliko kwa jambazi yeyote. Kwa mtu asiyetaka kununua ala ngumu, na wapo, sefti ni lazima, hata kama ataisahau siku ya vita.

Nyumbani ni suala jingine, na hapo watetezi wa sefti mara nyingi hupitiliza. Sefti haifungi bastola dhidi ya mtoto. Mtoto wa miaka mitano anayejua kufungua simu ya baba yake atausukuma ule mdude kwa sekunde mbili, kwa sababu umewekwa pale usukumike. Bastola isiyo kiunoni mwako iwe kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, iwe na sefti isiwe nayo. Anayeniambia "mimi yangu ina sefti, naiweka juu ya kabati" amenunua amani ya moyo tu.

Mtu mwingine akiishika

Kuna hoja moja ya zamani upande wa sefti: mwizi akikunyang'anya bastola, atavuta triga, haitatoka, atapoteza muda akitafuta sababu. Mwalimu wa Marekani Massad Ayoob ameitetea hoja hii kwa miaka mingi. Inaingia akilini. Katika mitaa ambako vibaka huja wawili watatu na pikipiki, kung'ang'aniana mwilini kunawezekana kuliko kurushiana risasi kwa mbali. Ila inakusaidia tu endapo mmenyang'anyana kabla hujaitoa sefti. Mara nyingi bastola ikishakuwa mkononi mwako sefti ilishatoka. Iwe faida ya ziada, isiwe sababu ya kununua.

Linalonigusa zaidi ni kumshikilia mtu. Umemkuta mwizi ndani ya uzio, ameinua mikono, umemuelekezea bastola mnasubiri polisi. Mbwa anabweka, mkeo anapiga kelele dirishani, mwizi anajikwaa. Mwili ukishtuka, vidole vyote hukaza, na mkono mmoja ukikaza mwingine hufuata. Kidole kikiwa kwenye triga nyepesi, umeua mtu aliyekuwa amesalimu amri. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu na vinavyokifuata vinakupa haki ya kujilinda wewe na mali yako kwa nguvu inayolingana na hatari. Risasi uliyoifyatua bila kukusudia haikuwa kujilinda, na wakili wako atapata shida kuiita hivyo.

Dawa ya kwanza ni ile kanuni ambayo mkufunzi wa Marekani Jeff Cooper aliiweka kati ya kanuni zake nne na kila mkufunzi duniani anairudia: kidole nje ya triga mpaka uwe umelenga na umeamua. Dawa ya pili ni uzito wa triga. Polisi wa jiji la New York walipoanza kutumia Glock, waliweka springi nzito zilizofikisha uvutaji karibu paundi 12, zaidi ya kilo 5, kwa sababu bastola haina sefti na askari wengi walizoea rivolva. Walilipia kwa shabaha: triga nzito husogeza mdomo wa bastola. Hakuna cha bure hapa. Sefti nayo inaweza kurudishwa huku unamshikilia mtu, lakini sijaona mtu wa kawaida anayekumbuka kufanya hivyo.

Jeshi la Marekani, lilipochagua bastola mpya Januari 2017, lilitaka iwe na sefti ya gumba, na M17 iliyoshinda inayo, ingawa bastola mama yake, P320, huuzwa pia bila sefti. Watu hunitajia hili kama ushahidi wa mwisho. Mimi naliona hivi: jeshi lina maelfu ya watu ambao bastola kwao ni silaha ya pili, wanapanda na kushuka magari, wanapakia na kupakua kila zamu. Zile mara 700 kwao ni maelfu kwa maelfu. Polisi wengi wa nchi hiyo hiyo wanabeba bastola zisizo na sefti. Kila mmoja anaogopa ajali yake.

Vumbi, kushoto, na bastola mbili

Madogo haya matatu niyaseme kwa ufupi. Vumbi letu la kuanzia Mei hadi mvua zianze Novemba au Desemba huingia kila mahali, na sefti ndogo iliyopakwa mafuta mengi inalivuta na kulishika mpaka inakuwa ngumu kusogea. Mafuta kidogo, pangusa mara kwa mara, na kila asubuhi, bastola ikiwa tupu, hakikisha kidude kinapanda na kushuka. Sefti pana zilizochomoza pande zote mbili zina tabia ya pili: zikisuguana na kiti cha gari au mkanda, zinatoka zenyewe. Mtu anashuka Chamwino anadhani sefti imewekwa, kumbe ilitoka zamani.

Anayetumia mkono wa kushoto aangalie sana. Hi-Power za zamani na Makarov zina kidude upande mmoja tu, na gumba lake halikifikii. Kwake yeye isiyo na sefti ni uamuzi mwepesi, au atafute yenye kidude pande zote.

Na mwenye bastola mbili zenye tabia tofauti, leo Beretta kesho Glock, achague moja. Gumba haliulizi umevaa ipi leo.

Sasa uchukue ipi?

Shemeji yangu mmoja, mfanyabiashara wa alizeti, aliniambia, "Shemu, acha hadithi ndefu, nitajie moja." Nilimuuliza maswali mawili: utabeba na risasi chembani? Utafanya mazoezi mara ngapi? Akajibu la kwanza ndiyo, la pili "nikipata nafasi". Kwa lugha yetu hiyo ni hapana.

Kwa watu kama yeye, ambao ndio wengi, chaguo langu haliko kwenye upande wowote wa kaunta. Nawaelekeza kwenye bastola yenye uvutaji wa kwanza mrefu na mzito na kidude cha kushusha nyundo, mfano CZ 75 BD, au rivolva ikiwa hawajali risasi tano au sita. Hakuna cha kukumbuka wakati wa hofu. Unavuta, inatoka. Na ule uzito wa karibu kilo 5 unakulinda dhidi ya kamba ya jaketi na mshtuko wa geti, japo si kwa asilimia mia. Ubaya wake upo: risasi ya kwanza ni ngumu kulenga kuliko ya pili, na kwa rivolva kila risasi huwa hivyo. Kwa umbali wa geti na ukuta, naupokea ubaya huo.

Anayefanya mazoezi kwa dhati, kwa maana ya kwenda kwenye shabaha na pia kufanya mazoezi makavu nyumbani kwa bastola tupu na risasi zikiwa chumba kingine, huyo achukue sefti ya kwenye fremu ya kusukumwa chini. Kwake ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu anapata triga nyepesi na usalama wa kurudisha kwenye ala kwa pamoja. Risasi ni ghali na upatikanaji wake una utaratibu, lakini mazoezi makavu hayana gharama. Toa kiunoni, gumba chini, lenga. Weka sefti, rudisha. Kila mara, bila kuruka hatua, hata ukiwa unaisafisha.

Glock na jamaa zake nawapa watu wa aina mbili: anayebeba chemba tupu, na mwenye nidhamu ya kidole na ala ngumu ya kufunika triga. Si bastola ya anayechomeka kwenye suruali. Na zile zenye kidude cha kusukuma juu kwenye slaidi, nazo chukua tu ikiwa utakitumia kushushia nyundo na kusahau kwamba ni sefti.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji atoe magazini, avute slaidi nyuma, muangalie chembani nyote wawili, kisha akukabidhi. Elekeza mdomo mahali salama, kidole nje. Shika mpini kwa mkono mmoja kama utakavyoushika siku ya siku, na bila kugeuza kiganja wala kusaidiwa na mkono wa pili, jaribu kutoa sefti na kuiweka. Rudia umefumba macho. Kama gumba halifiki, bastola hiyo si saizi yako, hata kama ndiyo pekee iliyobaki dukani na bei imeshashushwa mara mbili.